Sheria Haibagui, Wanawake Wamejaa Vyuoni: Basi Ubishi wa Usawa Unatoka Wapi?

Juni 29, 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vikuu nchini humo haviruhusiwi tena kuifanya rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumpokea. Kesi zenyewe zilikuwa dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, lakini ubishi uliofuata umewafikia hata watu wasio na mtoto wala ndugu anayesoma huko. Kuna anayesema haki hatimaye imetendeka, kila mtu apimwe kwa alama zake. Kuna anayesema mlango umefungwa mbele ya watu walewale waliofungiwa tangu zamani. Na hakosekani wa tatu, anayechomekea kwamba hata habari za jinsia zimepitwa na wakati, maana siku hizi wanawake ndio wengi vyuoni.

Ukiwasikiliza kwa utulivu utagundua kwamba hawabishani juu ya jambo moja. Wa kwanza anazungumzia siku ya kuchaguliwa, wa pili anazungumzia historia, na wa tatu anahesabu vichwa. Wanaweza kukesha hapo bila kukutana. Kabla ya kuamua nani yuko sahihi, kuna mambo matatu ya kutenganisha.

La kwanza ni pengo. Pengo ni tofauti inayopimika, basi: kundi hili limepata wastani huu, kundi lile limepata ule. Pengo peke yake halitaji sababu. La pili ni ubaguzi wa wazi, yaani kanuni au mtu anayemkatalia mwanafunzi kwa sababu ya rangi au jinsia yake. La tatu ni ubaguzi wa kimfumo, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu unaweza kuwapo bila mtu yeyote ndani yake kuwa na chuki. Kanuni inatumika kwa wote, hakuna jina la kabila wala rangi iliyotajwa, lakini kwa jinsi maisha yalivyopangwa tangu zamani uzito wake unawaangukia baadhi ya watu kuliko wengine.

Chukua duka lenye mizani mbili. Moja iko sahihi, nyingine inapunja gramu chache katika kila kipimo. Anayepimiwa kwenye hiyo ya pili haoni kitu kwa siku moja. Muuzaji mwenyewe huenda hajui, mizani aliirithi. Hakuna aliyeibiwa kiasi cha kwenda kushtaki. Lakini atakayepimiwa hapo kila siku kwa miaka 16, ambayo ni kama muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi shahada, atakuwa amepunjwa magunia. Na ukimuuliza muuzaji kama anamchukia mteja wake atakana kwa moyo mweupe, na atakuwa anasema kweli.

"Sheria ilishafuta hayo"

Hoja hii ina uzito wake, maana sheria za kubagua zilikuwapo kweli na si za zama za kale. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwaruhusu wanawake kuhudhuria mihadhara na kufanya mitihani miaka mingi kabla ya kukubali kuwapa shahada kamili. Mwaka 1890 Philippa Fawcett alipata alama za juu kuliko mwanamume aliyeongoza katika mtihani wa hisabati wa chuo hicho, lakini cheo cha mshindi kikaenda kwa mwanamume huyo kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kukishika. Shahada kamili kwa wanawake zilikuja mwaka 1948. Afrika Kusini, Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliwatengea watoto weusi elimu duni kwa makusudi, na sheria nyingine ya mwaka 1959 ikawazuia vijana weusi kuingia katika vyuo vilivyokuwa vikipokea watu wa rangi zote, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Marekani ilikuwa na shule za weupe na shule za weusi kisheria hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1954, katika kesi ya Brown, kwamba utengano huo unakiuka katiba.

Sheria hizo zimekwenda. Kilichobaki kinaonekana vizuri katika kesi nyingine ya Marekani, ambayo haitajwi sana na kwa maoni yangu inafundisha kuliko ile ya Brown. Mjini San Antonio, Texas, kulikuwa na wilaya mbili za shule. Edgewood ilikuwa na wanafunzi ambao karibu wote walikuwa wa asili ya Meksiko. Alamo Heights ilikuwa ya matajiri, weupe kwa sehemu kubwa. Shule zilitegemea, pamoja na fedha za serikali, kodi ya nyumba na ardhi ya wakazi wa wilaya husika. Wakazi wa Edgewood walijitoza kodi ya kiwango cha juu kuliko wenzao wa Alamo Heights. Hata hivyo, kwa mwaka wa masomo 1967-68, kodi yao ilileta dola 26 kwa kila mwanafunzi, na ile ya Alamo Heights ikaleta dola 333. Nyumba za maskini zina thamani ndogo, kwa hiyo hata ukizitoza zaidi unapata kidogo.

Wazazi wa Edgewood walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema mfumo huo haukiuki katiba ya nchi. Hakuna mstari katika kanuni hiyo uliotaja rangi ya mtu. Shule zikaendelea kuhudumia mitaa ambayo ubaguzi wa makazi ulikuwa umeshaitenganisha kwa rangi na kipato.

Mahali mtu anapoamua

Wengi tukisikia ukosefu wa usawa tunaangalia matokeo ya mwisho: wangapi wamehitimu, wangapi wamepata daraja la kwanza. Nadhani ni afadhali kuangalia malango, maana yake kila mahali katika safari ya mwanafunzi ambapo mtu fulani anaamua jambo juu yake. Nani atapelekwa darasa la wenye vipaji. Nani atafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Nani ataambiwa "fizikia haikufai wewe". Katika kila lango hukumu ya mtu hutumika, na hukumu hutegemea anachotarajia kukiona.

Wilaya moja kubwa ya shule huko Florida ilikuwa na madarasa maalumu ya watoto wenye vipaji. Mtoto alipimwa iwapo mwalimu au mzazi amempendekeza. Mwaka 2005 wilaya ilibadili jambo moja tu: ikaanza kumpa kila mtoto wa darasa la pili jaribio la awali, na aliyefanya vizuri akaendelea na kipimo kamili. Masharti ya kuingia hayakulegezwa. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipofuatilia walikuta kwamba kiwango cha watoto weusi walioingia madarasa hayo kiliongezeka kwa asilimia 80, na cha watoto wa asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 130. Vipaji vilikuwapo siku zote. Walimu hawakuviona, na wazazi wa watoto hao hawakujua kwamba kuna mahali pa kwenda kudai. Baadaye fedha zilipopungua na jaribio la kila mtoto likasimamishwa, pengo likarudi.

Lango la nidhamu huanza mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011-12 zilionyesha kwamba watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wote wa shule za awali, lakini walikuwa asilimia 48 ya waliosimamishwa masomo zaidi ya mara moja. Hao ni watoto ambao bado wanafundishwa kufunga kamba za viatu.

Kwa upande wa jinsia, kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2012 ambalo lilifanywa kwa maprofesa 127 wa baiolojia, kemia na fizikia katika vyuo vya Marekani. Kila mmoja alipewa maombi ya kazi ya usimamizi wa maabara. Maombi yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, isipokuwa jina: nusu yalikuwa na jina John, nusu Jennifer. John alionekana mwenye uwezo zaidi na akapangiwa mshahara uliozidi wa Jennifer kwa dola 3,730 kwa mwaka. Maprofesa wanawake walimpunja Jennifer sawasawa na wenzao wanaume. Kwa hiyo wanaodhani kwamba ukiweka mwanamke kwenye kamati tatizo limekwisha, wafikirie tena.

Mara nyingine hakuna haja ya jaribio kwa sababu wahusika wamekamatwa. Mwaka 2018 ilibainika kwamba chuo kikuu cha tiba cha Tokyo kilikuwa kikipunguza alama za mtihani wa kuingia za wanawake, jambo lililokuwa likiendelea angalau tangu 2006. Sababu iliyotolewa ni kwamba madaktari wanawake huacha kazi wakizaa. Uchezeaji huo ulipokomeshwa, viwango vya kufaulu vya wanawake na wanaume katika mtihani wa mwaka uliofuata vilikuwa karibu sawa. Kwa miaka yote iliyotangulia mtu angeweza kutazama orodha ya waliochaguliwa na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba wasichana hawawezi masomo ya udaktari.

Wastani unavyoweza kukudanganya

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mfano unaofuata huwatesa hata waliosoma takwimu, na ndani yake kuna jibu kwa pande zote za ubishi.

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya masomo ya uzamili na uzamivu kutoka kwa wanaume wapatao 8,400 na wanawake 4,300. Asilimia 44 ya wanaume walikubaliwa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 35. Pengo la pointi tisa kwa idadi kubwa kama hiyo haliwezi kuwa bahati mbaya. Mtu yeyote angesema: wanabaguliwa.

Wataalamu watatu wakiongozwa na mwanatakwimu Peter Bickel wakaamua kumtafuta mbaguzi. Kwa kuwa kila idara ilichagua wanafunzi wake yenyewe, walipitia idara moja baada ya nyingine. Hawakumpata. Katika idara sita kubwa, ambazo hutajwa kwa herufi, idara A ilikubali asilimia 62 ya wanaume na asilimia 82 ya wanawake. Idara B, wanaume 63 na wanawake 68 katika kila mia. Idara C na E zilikubali wanaume kwa kiwango cha juu kidogo. D na F zilikubali wanawake kwa kiwango cha juu kidogo. Ukizitazama zote kwa pamoja, wanawake walikuwa hata na nafuu ndogo.

Inawezekanaje wanawake wawazidi wanaume au wakaribiane nao katika kila idara halafu washindwe kwa jumla? Angalia walikoomba. Zaidi ya nusu ya wanaume walioomba katika idara hizo sita waliomba A na B, ambako zaidi ya nusu ya waombaji hukubaliwa. Wanawake walioomba hizo mbili walikuwa 133 tu kati ya 1,835. Waliobaki walijazana kwenye idara ngumu kuingia, kama F, iliyokubali asilimia 6 ya wanaume na asilimia 7 ya wanawake. Ukiunganisha, wanawake wamebebeshwa idadi kubwa ya kukataliwa kwa sababu walisimama kwenye milango myembamba.

Watu wengi wakifika hapa hufunga daftari na kutangaza kwamba ubaguzi haukuwapo. Waandishi wa utafiti huo hawakusema hivyo. Waligundua kwamba idara zilizokuwa rahisi kuingia zilielekea kuwa zile zinazodai hisabati nyingi, na wakaeleza kwamba wanawake walikuwa wameshaelekezwa kwingine mapema, na malezi na shule, kuelekea fani zenye msongamano, fedha kidogo na ajira haba. Kamati za Berkeley mwaka huo hazikuwa na kosa. Lango lililowapunguza wanawake lilikuwa nyuma kabisa, huenda katika darasa la hisabati la mtoto wa miaka 13.

Kwa hiyo pengo linaweza kuonekana mahali ambapo hakuna aliyebagua, na kinyume chake ni kweli pia: takwimu zinaweza kutoka sawa kabisa kwenye lango lililokaguliwa ilhali walioonewa hawakufika hapo kuhesabiwa. Ukaguzi wa lango moja hauwezi kuisafisha wala kuihukumu njia nzima.

"Wanawake ndio wengi sasa"

Ni kweli, kwa hesabu ya vichwa. UNESCO ilionyesha kwamba mwaka 2020 duniani kulikuwa na wanawake 113 katika elimu ya juu kwa kila wanaume 100. Lakini tumekwisha kuona wastani unavyofanya. Dunia nzima si idara moja. Afrika kusini mwa Sahara ni ukanda ambao wanawake bado ni wachache kuliko wanaume vyuoni. Afghanistan, wasichana wamefungiwa shule za sekondari tangu Septemba 2021 na vyuo vikuu tangu Desemba 2022. Na hata hesabu hiyo ya dunia nzima, ukiigawanya kwa fani unakuta kwamba katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wao ni karibu asilimia 35 tu. Ukipanda juu zaidi, kwa watafiti wa dunia, wanashuka chini ya theluthi moja.

Wavulana nao wasisahaulike, maana wanaopigania wasichana wakati mwingine hulikwepa jambo hili. Katika PISA, majaribio ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, wasichana huwashinda wavulana katika kusoma nchi baada ya nchi, na pengo hilo ni kubwa kuliko lile la hisabati ambalo wavulana huongoza kidogo. Kuna nchi ambako wavulana wa familia maskini ndio wanaoacha shule kwa wingi. Kulitaja hili hakufuti la wasichana. Shule ileile inaweza kushindwa kumsaidia mvulana kwenye kusoma na kushindwa kumsaidia msichana kwenye fizikia, na mara nyingi ndivyo inavyofanya.

Pale rangi na jinsia zinapokutana

Kuna watu wanaoangukia katikati ya hesabu mbili. Chuo kinaweza kutoa ripoti ya rangi inayojivunia wahadhiri weusi, na ripoti ya jinsia inayojivunia wahadhiri wanawake, ilhali weusi wote ni wanaume na wanawake wote ni weupe. Ripoti zote mbili ni za kweli na mwanamke mweusi hayumo katika hata moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliliandikia jambo hili mwaka 1989 akitumia kesi ya wafanyakazi wanawake weusi dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, ambao mahakama iliwakatalia kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia kuwa dai moja. Kampuni iliajiri wanawake, ikasemwa. Na iliajiri weusi.

Na hizi nafasi maalumu?

Turudi kwa yule wa kwanza, anayetaka alama pekee zitumike. Dai lake lina mantiki, ila linachukulia kwamba kabla ya kuzingatia rangi vyuo vilikuwa vikichagua kwa alama tupu. Katika kesi hiyohiyo ya Harvard ilijulikana kwamba watoto wa wahitimu wa chuo hicho walikuwa wakikubaliwa kwa kiwango cha karibu asilimia 33, wakati waombaji wengine walikuwa karibu asilimia 6. Mahakama haikuugusa upendeleo huo.

Hofu nyingine ni kwamba anayeingia kwa nafasi maalumu, yaani zile zinazotengwa kwa makundi yaliyoachwa nyuma, atashindwa masomo. Brazil imetoa sehemu nzuri ya kulichunguza hilo. Sheria ya mwaka 2012 ilivitaka vyuo vikuu vya serikali kuu kutenga nusu ya nafasi kwa waliosoma sekondari za umma, na ndani ya nusu hiyo kuzingatia kipato na uwiano wa watu weusi, machotara na wenyeji wa asili katika jimbo husika. Wanafunzi hao wakiwa chuoni, matokeo yao yamekuwa yakikaribiana na ya wenzao katika kozi nyingi, ingawa kozi zenye hisabati nzito huonyesha tofauti kubwa zaidi.

Lawama moja dhidi ya nafasi hizi naiona ni ya haki: zisipofungamanishwa na kipato, huishia kwa watoto wa wenye nafuu ndani ya kundi lililokusudiwa. Wabrazili walilifikiria hilo kwa kuweka kwanza sharti la shule ya umma. Nyingine ni kwamba zinakuja wakati mtoto ana miaka 18, lango la mwisho mwisho, huku mizani ikiwa imepunja tangu akiwa na mitano. Hiyo pia ni kweli, lakini wanaoisema mara nyingi ndio haohao wanaokataa kulipia jaribio la darasa la pili kama lile la Florida.

Kuhusu matokeo ya hukumu ya 2023, wanafunzi wa kwanza kuchaguliwa chini yake waliingia vyuoni mwaka 2024. Katika chuo cha MIT weusi walishuka kutoka takriban asilimia 13 hadi 5. Harvard walishuka kutoka 18 hadi 14. Yale walibaki 14. Kila upande umeshachukua chuo chake na kukipeperusha kama bendera. Kabla hujaamini yeyote, angalia nani amehesabiwa: Harvard, wanafunzi wapya waliokataa kutaja rangi yao waliongezeka kutoka asilimia 4 hadi 8, na mabadiliko kama hayo yanatosha kusogeza asilimia zote nyingine. Hukumu yenyewe pia iliacha nafasi kwa mwombaji kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake, na kila chuo kinazisoma insha hizo kwa namna yake, ndani ya chumba ambacho takwimu za kuingia hazionyeshi.